Sanduku la Kufuli Tatu

Mwenye sanduku hana ufunguo, na wenye funguo hawana sanduku. Ukiishika kanuni hiyo umeshika nusu ya habari. Sanduku lenyewe ni la bati, halizidi mkoba wa mtoto wa skuli, na mbele yake lina kufuli tatu zilizopangwa safu moja. Siku ya kikao, aliyekabidhiwa kulitunza huja nalo amelifunika kanga, akaliweka juu ya mkeka mbele ya wenzake. Hapo huitwa washika funguo. Ni watu watatu, wa nyumba tatu tofauti, na wala si viongozi wa kikundi. Kila mmoja hufungua kufuli yake, akarudi kukaa. Ya kwanza ikilegea, bado. Ya pili ikilegea, bado. Ni mpaka ya tatu, na hapo watu wote huinua shingo kutazama ndani, hata wale ambao wametazama kila wiki kwa miaka.

Nimekaa kwenye mikeka hiyo mara kadhaa, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kusini ya Unguja, na kila mara ni kile kimya cha kufuli ya tatu kinachonishika. Fedha zote zilizomo huenda zisifike bei ya pikipiki. Zinapofunuliwa, watu wazima wanaacha kuzungumza.

Tuanze na msitu, maana bila msitu sanduku lisingekuja. Ukitoka Mjini kwa barabara ya Paje, mwendo wa kilomita 35 hivi, miti inakuzunguka ghafla, hewa inapoa, na ukibahatika kima punju watakukatia njia. Ndiyo Jozani. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50. Watalii wanaijua kwa kima wake. Watu wa Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na jirani zao waliijua kwa kuni, kwa boriti za kujengea, kwa makaa, kwa magogo ya kuchomea chokaa, kwa mikoko ya ghubani. Huko ndiko walikokuwa wakichuma riziki. Ardhi yao kubwa ni maweni, jiwe la matumbawe tupu. Mtu hulima kwenye vishimo vya udongo kati ya jiwe na jiwe, mhogo hapa, mtama pale, na jembe likikosea linatoa cheche. Ukimwambia mtu wa pale asikate mti, umemwambia asile, isipokuwa uje na jibu la swali atakalokuuliza papo hapo: sasa watoto watakula nini?

Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Misitu na shirika la CARE walianza kulitafuta jibu hilo pamoja na wanavijiji. Kamati za hifadhi ziliundwa, sheria ndogo za vijiji zikaandikwa, na watu wakahimizwa kutafuta kazi nyingine za kuwaingizia kipato. Lakini mtu anayetaka kuacha shoka na kuanza kuuza maandazi anahitaji unga, mafuta na karai kabla hajauza andazi la kwanza. Shughuli ndogo zote zilikwama palepale, kwenye mtaji.

Hapa ndipo mashirika mengi hujikwaa. Linaonekana tatizo la mtaji, basi linaletwa fungu la mkopo kutoka nje. Kila mwanakijiji anajua zile ni fedha za mradi, na fedha za mradi zina sifa yake: anayewahi anachukua, mradi ukifungwa deni nalo limefutika. Nimeona kumbi za vijiji zenye vibao vya miradi mitano iliyopita, rangi juu ya rangi, na hakuna hata mmoja ulioacha kitu zaidi ya kibao.

Kilicholetwa Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa kinyume cha hayo. Hakuna mtu aliyepewa shilingi ya mtaji. Walipewa mafunzo, na utaratibu wa sanduku.

Njia hiyo ilianzia mbali. CARE iliianza mwaka 1991 katika eneo la Maradi, kusini mwa Niger, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Mradi uliitwa Mata Masu Dubara, na dubara kwa Kihausa ni ule werevu wa kupata njia pale njia inapokosekana. Mzizi wake ni kitu ambacho mwanamke wa Kiafrika hahitaji kufundishwa na mgeni. Sisi twakiita upatu au mchezo. Kenya wanasema chama, Kongo likelemba, Rwanda ikimina. Wanawake wa Maradi waliongezewa hatua moja tu: badala ya fungu kuzunguka kwa zamu na kumalizika, liwekwe, likopwe na wanachama wenyewe, lizae, kisha mwisho wa mwaka ligawanywe kwa kadiri ya akiba ya kila mmoja. Kutoka Niger njia ikasambaa nchi baada ya nchi, Zimbabwe, Uganda, mpaka ikavuka bahari na kufika kwetu. Leo mamilioni ya watu barani Afrika wanaitumia, na bara wengi wameizoea kupitia vikoba.

Nieleze inavyokwenda, kwa sababu hekima yake imo kwenye vijambo vidogo.

Watu 15 hadi 30 wanachaguana wenyewe. Hili si dogo; jirani anajua nani hulipa deni la duka na nani hubadilisha njia akimwona muuza duka. Wanatunga katiba yao, wanachagua viongozi, wanapanga faini. Kila kikao mwanachama hununua hisa, moja ikiwa ndiyo kima cha chini na tano kima cha juu. Kiwango hicho cha juu kimewekwa makusudi ili mwenye nacho asije akakimeza kikundi. Hisa haziandikwi kwa tarakimu ndefu, zinapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Hisa tatu, mihuri mitatu. Bibi asiyejua herufi hata moja anafungua ukurasa wake, anapitisha kidole, anahesabu.

Chukua mfano wa kikundi cha watu 25, hisa ikiwa Sh 2,000, kila mmoja akinunua hisa tatu kwa wiki. Hizo ni Sh 150,000 kwa kikao. Kwa wiki 50 ni Sh 7,500,000, na hapo bado hatujahesabu faida. Zimetoka kwa watu ambao ukiwauliza njiani kama wana akiba watakucheka.

Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Aliyeweka Sh 60,000 anaweza kuomba mpaka Sh 180,000, naye husimama mbele ya wenzake akaeleza anataka kufanyia nini. Wanaosikiliza wanamjua. Akisema anakwenda kufuga kuku, kuna atakayemkumbusha kuku wa mwaka jana waliokufa na kideri, amuulize safari hii amejiandaaje. Hakuna ofisa wa mikopo Mjini atakayemuuliza swali hilo, na ni swali lenye thamani kuliko hati ya nyumba.

Kando ya akiba upo mfuko wa jamii, na fedha zake haziingii kwenye biashara. Mtoto akilazwa, mtu akifiwa, nyumba ikiungua, mfuko unatoa. Mimi nauhesabu mfuko huu mdogo kuwa moyo wa jambo zima. Aliyekulia katika nyumba ya kijungujiko anajua kwamba biashara ya mnyonge mara nyingi haiuawi na hasara ya sokoni. Huuawa na homa. Mtoto anashikwa na homa usiku, mtaji wa samaki unageuka nauli na dawa, asubuhi hakuna samaki wa kuuza.

Kisha kabla ya kufunga sanduku linakuja jambo ambalo nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mchezo. Mweka hazina anahesabu fedha hadharani, anataja kiasi kilichobaki, na mwenyekiti anauliza kwa sauti: mfuko wa jamii una shilingi ngapi? Watu wote wanaitikia kwa pamoja kama wanafunzi wa chuo wakisoma kwa ustadhi. Fedha za hisa? Wanaitikia tena. Wiki ijayo, kabla shilingi haijaguswa, swali linaulizwa upya, wanataja kutoka kichwani, na ndipo zinahesabiwa. Zikipungua mia mbili, watu 25 wanajua zimepungua mia mbili. Tarakimu zile zikishalala vichwani mwa watu wazima 25, hakuna karani awezaye kuzichezea.

Siku moja kikao kilikuwa kimeshaanza akaingia mama kijana, nguo ya chini imelowa hadi magotini, mchanga bado uko miguuni.

“Shikamoo mama mwenyekiti. Nisamehe, maji yalichelewa kutoka.”

“Marahaba mwanangu, pole na mwani. Faini mia tano, beseni lile pale.”

Akacheka, akatoa mia tano, akaketi kwenye nafasi ya nambari yake ya uanachama. Mwenyekiti huyo, niliambiwa baadaye, ni mama yake mdogo.

Nilimtazama yule mama mwenyekiti nikamkumbuka mama yangu mzazi. Benki yake ilikuwa pindo la kanga. Fundo moja la matumizi ya leo, fundo la pili la ada ya skuli, na fundo la tatu hakutuambia la nini. Pindo lina adui wengi: ndugu aliyekuja kukopa na huwezi kumwambia huna wakati fundo linaonekana, mume aliyeishiwa, mkono wa mwizi kwenye daladala. Akaingia upatu. Mwaka mmoja wanawake 12 walichangia, na ilipokaribia zamu yake kijumbe, mkusanyaji wa fedha, akahama mtaa usiku, na fedha za watatu waliosalia zikahama naye. Mama hakulia mbele yetu. Alikaa siku mbili hasuki ukili, na kwake yeye kukaa bila kusuka ilikuwa sawa na kulia. Nilikuwa darasa la sita, na muhula uliofuata nililipiwa ada na mjomba. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kufuli tatu kwenye bati ni jambo dogo, namsikiliza kwa adabu, lakini sikubaliani naye.

Watu wanyonge wa nchi hii hawakukosa akiba. Walikosa mahali pa kuiweka ambapo haifikiwi na mkono wa mmoja peke yake, hata mkono wao wenyewe. Shirika linalotaka kumfanya mtu ajitegemee lianzie hapo, kwenye kile alichonacho tayari, kabla ya kumletea kisichokuwa chake.

Na hapa Jozani wana ushahidi ambao sehemu nyingi hazina. Mradi wa CARE wa kuweka na kukopa ulifungwa mwaka 2002, ukiwaacha wanachama 1,272. Kwa desturi ya miradi, ungetarajia kwamba miaka minne baadaye pangebaki masanduku yenye kutu. Mwishoni mwa mwaka 2006 wachunguzi walirudi kuhesabu. Walikuta wanachama 4,552. Waliongezeka mara tatu na zaidi, na wakati huo hapakuwa tena na mradi wa kuwaongeza.

Waliongezwa na nani? Na wenyewe. Ilizaliwa jumuiya ya wenyeji, Jozani Credit Development Organization, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, JOCDO. Wakufunzi wake walikuwa watu wa palepale, waliokwisha kukaa kwenye mkeka na kupigiwa mihuri. Kikundi kipya kikitaka kuanzishwa, mkufunzi anakwenda, anafundisha, na kikundi kinamlipa ada ndogo kwa kazi yake. Wapo wanaoona ada hiyo ni kumkamua mnyonge. Mimi naona ndiyo iliyoiokoa kazi. Mkufunzi anayelipwa na mfadhili hurudi kwao siku mfadhili anapoondoka. Mkufunzi anayelipwa na kikundi ataitwa tena maadamu anafaa, na siku akifundisha ovyo hataitwa.

Yapo mazito pia, na nisipoyasema nitakuwa nimewadhulumu wanaoyabeba.

Kwanza ni nani hayupo kwenye mkeka. Ukiangalia vizuri, mnyonge wa mwisho kabisa mara nyingi hayupo. Yule asiyeweza kupata hata hisa moja kwa wiki huona aibu kujiunga, au hujiunga na kuacha mwezi wa pili kimyakimya, na kwa kuwa vikundi huchaguana, mtu mwenye sifa ya kushindwa kulipa hachaguliwi hata kama alishindwa kwa sababu ya ugonjwa. Mzee wa peke yake, mlemavu asiyefika kikaoni, mjane mpya aliyehamia kijijini: hawa sanduku huwapita mlangoni. Vipo vikundi vilivyokubali hisa ya bei ya chini zaidi ili viwafikie, na hivyo ndivyo vinavyostahili kuigwa.

La pili ni riba. Katika visiwa vya Waislamu swali hili halirukwi. Mkopaji huongeza, tuseme, asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho kwenye benki kingeitwa unyang’anyi. Wanachama wengi husema ziada ile inarudi kwao wenyewe siku ya mgao, ni faida ya ushirika, hakuna tajiri anayeila. Wengine hawaridhiki na jibu hilo, na wana haki ya kutoridhika. Wapo wanaotoza ada moja isiyopanda, na wapo walioamua fedha zinunue bidhaa kwa jumla ziuzwe kwa wanachama. Nimesikia mabishano hayo yakiendeshwa na akina mama kwa utulivu na elimu ambavyo ningependa kuviona kwenye mabaraza makubwa. Wanachokubaliana wote ni kwamba hawataki ile mikopo ya mitaani iliyopewa jina la kausha damu, ambapo mtu huchukuliwa kitanda na jiko kwa deni lililozaliwa na deni.

La tatu liko nje ya uwezo wa sanduku lolote. Wanawake wengi wa pwani ile, kutoka Paje hadi Bwejuu na Michamvi, walikuwa wakiweka hisa zao kwa fedha za mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na kilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Kinafuata bamvua: maji yakitoka mbali wanashuka na kamba zao, wanafunga vipando, wanavuna, wanarudi na magunia kichwani. Kisha bahari ikaanza kupata joto. Ile aina yenye bei nzuri, kotonii, ikawa inaoza kwenye kamba, na wakulima wengi wakabaki na aina ya bei ya chini. Mwanamke aliyekuwa akipiga mihuri mitano anapiga mmoja. Ameweka kwa uaminifu, amekopa kwa busara, amelipa kwa wakati, na bado anarudi nyuma, kwa sababu kilo ya mwani aliyoitoa baharini kwa mgongo wake inanunuliwa kwa bei asiyoipanga yeye. Baadhi wametumia mikopo ya kikundi kununua mafuta ya nazi na vifaa vya kutengeneza sabuni ya mwani, na kipande kimoja cha sabuni hulipa kuliko kilo nzima ya mwani mkavu. Lakini si kila mtu atauza sabuni. Kuna kazi hapa ambayo ni ya Serikali na ya wanunuzi, na tusiibwage kichwani mwa mama mwenye sanduku kwa kumwambia ajitegemee.

Mgao hupangwa kabla ya Ramadhani au kabla ya skuli kufunguliwa, kila kikundi na shida yake. Siku hiyo mikopo yote imesharudi. Fedha zinahesabiwa mara mbili, zinagawanywa kwa idadi ya hisa zote, na hapo hujulikana kila hisa imezaa kiasi gani. Hisa iliyowekwa kwa Sh 2,000 huenda ikarudi na mia kadhaa juu yake. Wanaitwa kwa nambari. Kila mmoja anahesabiwa mihuri yake mbele ya wote, anapewa chake, na ukurasa wake unapigwa mstari mwekundu.

Kwenye mgao wa mwisho niliohudhuria nilikaa karibu na bibi mmoja wa nambari za mwisho, mtu mzima kabisa, mikono yake migumu kwa kamba za makumbi. Alipopewa fungu lake hakulihesabu. Alikuwa ameshalihesabu kichwani wiki nzima. Alitenga noti za bati mbili, maana paa la jiko lilikuwa linavuja. Akatenga za mjukuu. Kisha akabaki na noti mkononi, akageuka, akamuuliza katibu kama mzunguko mpya unaanza leo au wiki ijayo. Akaambiwa ukitaka unaweza kuanza leo, bibi. Akanyoosha elfu kumi kwenye beseni. Kitabu kipya kikafunguliwa, muhuri ukabonyezwa kwenye kidau cha wino, ukagonga mara tano.

Sanduku likafungwa na hizo elfu kumi ndani yake. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Washika funguo wakaondoka kwa njia tatu, na mwenye sanduku akalifunika kanga yake, akalibeba kwenda nalo nyumbani.